Umelipa kwa Kadi, Huduma Hukupata: Namna ya Kudai Fedha Zako Benki

Tuseme umelipia nyumba ya wageni Ushongo kwa kadi, shilingi 480,000 kwa siku nne. Mnatoka Tanga mjini, mnapita Pangani, mnafika na kukuta geti limefungwa na simu ya mwenyeji haipokelewi. Inaweza pia kuwa ukumbi wa harusi, kozi ya mtandaoni au boti ya kwenda kisiwa cha Maziwe. Fedha hizo zinadaiwa kupitia benki iliyokupa kadi. Haijalishi kuwa ni kadi ya kawaida ya kutolea hela na siyo ya mkopo, mradi ina alama ya Visa au Mastercard na malipo yamepita kwenye kadi yenyewe, kwa mashine ya POS au mtandaoni. Malipo ya lipa namba, ya kutuma hela kwa simu, au ya kuhamisha kutoka akaunti kwenda akaunti hayaingii humu, hata kama fedha zilitoka kwenye akaunti ileile.

Kosa linaloangusha madai mengi hutokea dirishani. Mteja anafika kwa hasira anasema, “Nimeibiwa.” Karani anafunga kadi na kujaza fomu ya wizi. Kisha muuzaji anaonyesha kwamba namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yako, ile OTP, iliingizwa sawasawa, na dai linaishia hapo, kwa sababu kweli ni wewe uliyelipa. Sema hivi: “Nililipa mwenyewe, lakini huduma haikutolewa.” Hilo ni fungu jingine kabisa la madai, na ndani yake OTP haimwokoi muuzaji. Yeye ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alitoa huduma. Benki huliita dai la aina hii chajibaki (chargeback).

Sasa tarehe. Kwa kanuni za Visa, siku 120 za kuwasilisha dai huhesabiwa kuanzia siku huduma ilipotakiwa kutolewa, siyo siku uliyolipa. Ukilipa Machi 2 kwa malazi ya Julai 10, mwisho ni Novemba 7. Lakini dai halikubaliki zikishapita siku 540 tangu malipo, kwa hiyo anayekuahidi “mwakani, mwakani” anakula muda wako. Kama hamkuwekeana tarehe, usikimbilie benki siku ya pili, kwani kuna muda wa kusubiri kwanza. Mwezi mmoja tangu malipo unatosha. Na kumbuka kwamba muda huu ni wa benki kuwasilisha dai, wala siyo wako wa kufika tawini. Waachie nafasi. Ukifika siku ya 118, fomu inaweza kulala mezani mpaka mlango ufungwe.

Kabla ya benki, mwandikie muuzaji. Simu haitoshi kwa kuwa haiachi ushahidi. Baruapepe au WhatsApp inatosha: “Nililipa sh. 480,000 tarehe 2 Machi kwa malazi ya 10 hadi 14 Julai. Tulifika, pamefungwa. Naomba fedha zote zirudi kwenye kadi ileile ndani ya siku saba.” Akikupa vocha au tarehe nyingine na huitaki, kataa kwa maandishi. Ukinyamaza, ataiambia benki kwamba mlikubaliana. Akidai kwamba ameshazirudisha, mwombe namba ya rejea ya muamala yenye tarakimu 23. Kwa namba hiyo benki inaweza kuufuatilia mrejesho, na asiyeweza kuitoa huenda hajarudisha chochote.

Nenda steshenari ukaprinti taarifa ya akaunti yenye muamala huo (uwe umeshakamilika, kwani ule unaoonekana bado unasubiri haudaiwi), risiti au uthibitisho wa kuweka nafasi unaoonyesha tarehe ya huduma, masharti ya kughairi, na mazungumzo yote na muuzaji. Skrinishoti ziwe na tarehe na jina au namba ya muuzaji juu. Ukizikata vipande zinapoteza nguvu. Picha ya lile geti lenye kufuli, iliyopigwa siku ileile, ina uzito kuliko kurasa tatu za malalamiko. Muuzaji akiwa nje ya nchi, mazungumzo ya Kiswahili yaambatane na tafsiri ya Kiingereza.

Kwenye fomu, andika jina la muuzaji kama lilivyo kwenye taarifa ya akaunti, hata kama kibao cha dukani kinasema jina jingine. Andika kiasi unachodai kwa haki: kama mlilala usiku mmoja mkafukuzwa, dai siku tatu, sh. 360,000. Ukidai zote, muuzaji ataonyesha usiku ule mmoja na kukufanya uonekane mwongo. Usiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri na namba ya malalamiko. PIN, OTP na tarakimu tatu za nyuma ya kadi hazihitajiki popote katika kazi hii. Atakayekupigia kuziomba “ili dai lishughulikiwe” ni tapeli.

Baada ya hapo benki yako huipelekea madai benki ya muuzaji, na kwa Visa upande ule una siku 30 za kujibu. Fedha zikiingia mapema usizitumie, kwa kuwa zinaweza kuchukuliwa tena muuzaji akijitetea na utetezi wake ukakubaliwa. Benki ikikutumia utetezi huo, ujibu upesi, hoja kwa hoja. Akisema ulighairi mwenyewe, mwonyeshe ujumbe wako wa siku mliyofika.

Tawi likikwambia “kadi za kawaida hazina huduma hiyo”, omba jibu hilo kwa maandishi na umwandikie meneja malalamiko rasmi. Likikataa au kukaa kimya, peleka shauri Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019. Watataka kuona kwamba ulianza na benki yako, kwa hiyo ambatisha ile nakala yenye muhuri, na baki na nakala nyingine nyumbani.