Jinsi ya kupiga solo ya roki papo hapo stejini na isikuishie njiani

Kabla hujagusa gitaa chukua hedifoni, tafuta rekodi ya Allman Brothers Band, bendi ya roki ya Marekani, waliyopiga ukumbi wa Fillmore East, New York, mwezi wa 3 mwaka 1971, wimbo unaitwa In Memory of Elizabeth Reed, hauna neno hata moja la kuimba na unaenda dakika kama 13 hivi. Solo ya kwanza anapiga Dickey Betts ambaye ndo mtunzi, anafuata Gregg Allman na kinanda, alafu anaingia kaka yake, Duane Allman, na gitaa. Huyo wa mwisho ndo umsikilize vizuri. Anaingia kama mtu anayebisha hodi nyumba ya watu, alafu anapanda, anapanda, mpaka unasema basi hapa kamaliza, na hapohapo anashusha kila kitu na bendi nzima inashuka naye, besi, kinanda, wapiga dramu wawili, wote, alafu wanaanza kupanda upya na safari hii wanafika juu kuliko mwanzo. Hamna mtu alimwandikia zile noti. Alikuwa na miaka 24, na mwezi wa 10 mwaka huohuo akafariki kwa ajali ya pikipiki kule Macon, Georgia. Mi ile solo nimeisikiliza miaka na miaka na bado nikifika pale anaposhusha naacha ninachofanya.

Naandika kwa yule ambaye kodi anazijua, pentatoniki maina (ile skeli ya noti tano) anaijua hata boksi moja tu, yaani mpangilio mmoja wa vidole kwenye shingo ya gitaa, anapiga na bendi au anajiandaa kupiga, ila akipewa nafasi ya solo anamwaga yote aliyonayo ndani ya sekunde kumi alafu zilizobaki anazunguka palepale. Dawa yake sio kuongeza skeli. Duane hakujua noti atakazopiga usiku ule, ila alijua anataka kwenda wapi na alikuwa anawasikia wenzake, na hayo mawili yanafundishika.

Tupate kwanza uwanja wa mazoezi. Kii ya A maina, kodi mbili, Am vipimo viwili, D vipimo viwili (kipimo kimoja ni mapigo manne), inazunguka hivyohivyo. Ni njia ileile wanayopita Santana kwenye Oye Como Va (albamu ya Abraxas, 1970) kwahiyo sikio lako linaifahamu tayari. Jirekodi kwa simu ukipiga hizo kodi dakika tano, tempo 100, yaani mapigo 100 kwa dakika, usiharakishe. Kodi zikiwa mbili tu unapata mda wa kutembea bila kukimbizana na mabadiliko, na Duane mwenyewe alikuwa anasikiliza sana Kind of Blue, albamu ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis ya 1959, ambayo imejengwa hivyohivyo, kodi chache zinakaa mda mrefu na mpigaji anapata nafasi ya kuongea.

Noti zako ni A, C, D, E na G, pale freti ya tano ambapo kila mtu anaanzia. Sasa zoezi la kwanza, na usilidharau: chagua noti tatu tu, mfano A, C na D kwenye nyuzi mbili za katikati, upige solo ya dakika mbili kwa hizo tatu peke yake. Utachoka baada ya sekunde ishirini, endelea. Kuanzia hapo mkono unakosa pa kukimbilia, kwahiyo unaanza kucheza na mda, unachelewesha noti kidogo, unaipiga mara mbili, unaikata fupi, unaiacha ilie. Mwanafunzi niliyekuwa naye mwaka juzi nilimkalisha kwenye noti tatu wiki mbili nzima akanuna kwelikweli, ila aliporudi kwenye boksi zima nilikuwa namsikia mtu mwingine.

Alafu imba unachopiga. Namaanisha imba kwa mdomo, hata kwa kunong'ona, kila noti unayopiga itoke mdomoni kwanza. Mpiga saksofoni akiishiwa pumzi lazima anyamaze, ndo maana sentensi zake zina mwanzo na mwisho, wakati mpiga gitaa anaweza kuongea bila kumeza mate mpaka asubuhi. Ukiimba, pumzi yako inakukatia sentensi. Piga sentensi moja ya kipimo kimoja, nyamaza kipimo kizima, alafu jibu. Ule ukimya unatisha sana mwanzoni, stejini kipimo kimoja cha kunyamaza unakiona kama saa nzima, ila kwa anayesikiliza ndo nafasi ya kuhisi ulichosema. Kama umekulia kwenye sebene tayari una nusu ya somo hili, kule mpiga solo anakamata kipande kimoja kifupi anakirudia anakigeuza kidogokidogo mpaka uwanja unawaka. Kwenye roki fanya vilevile: ukipata kipande kizuri usikitupe, kirudie, mara ya tatu badilisha mkia wake tu.

Sasa tuje kwenye kuvuta nyuzi, hapa nitakaa kidogo maana ndo panaponiuma kuliko pote. Gitaa la umeme lina nyuzi nyepesi, seti za 9 au 10 (unene wa uzi wa kwanza kwa sehemu za elfu za inchi) ndo za kawaida, unaweza kusukuma uzi ukapanda noti nzima, na hicho ndo kinaifanya ilie kama mtu. Lakini wengi wanavuta kwa kukisia. Wanasukuma, uzi unapanda unaishia katikati ya noti mbili, alafu wanatikisa ili kuficha, na watazamaji hata wasiojua muziki wanahisi kuna kitu kinakwaruza. Jipime hivi: uzi wa tatu freti ya saba ni D. Piga kwanza uzi wa pili freti ya tano, hiyo ni E, iweke kichwani. Sasa rudi kwenye ile D uivute mpaka ifike E ileile, uzipige zote mbili pamoja, na kama kuna mawimbi yanagongana hujafika au umepitiliza. Fanya pia uzi wa pili freti ya nane, ambayo ni G, uivute ifike A, linganisha na uzi wa kwanza freti ya tano. Vidole vitatu visukume pamoja, cha pete mbele na viwili nyuma vinasaidia, na nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono, kidole kimoja hakiwezi kubeba hiyo kazi kila usiku. Fanya kila siku dakika kumi mwezi mzima.

Ukishafika kwenye noti ndo utikise, sio kabla. Mtikiso wa B.B. King (yeye ni wa bluzi, na aliwahi kufika mpaka Kinshasa kwenye lile tamasha la Zaire 74) unautambua kwa noti moja tu, kwasababu una mwendo wake sawasawa, hautetemeki kama mtu mwenye baridi. David Gilmour wa Pink Floyd naye hivyohivyo, anaweza kukaa kwenye noti moja ndefu anaivuta polepole na hutamani aongeze kitu. Tafuta mtikiso wako, uende na pigo la wimbo, taratibu kwenye wimbo wa taratibu.

Kuna noti moja nataka uiongeze kwenye zile tano nayo ni F#, uzi wa pili freti ya saba. Ikiwa bendi iko kwenye Am kaa kwenye G ile ya freti ya nane, alafu wakibadilisha tu kwenda D wewe shuka freti moja mpaka F#. Basi. Hiyo hatua moja ndogo inamfanya msikilizaji aone kama umeyaona mabadiliko kabla hayajafika, kwasababu F# ndo moyo wa kodi ya D. Mtu anayepiga pentatoniki tupu juu ya kodi zote anasikika kama anaongea peke yake, ila anayegusa noti ya kodi kwa wakati wake anasikika yuko kwenye mazungumzo.

Safari yenyewe sasa. Mzunguko mmoja wa Am na D ni mapigo 16, kwa tempo 100 ni kama sekunde 9.6, kwahiyo mizunguko sita ni karibu dakika nzima na hiyo inatosha kabisa kwa bendi inayoanza. Noti usizipange, panga solo iende mda gani na ipande vipi. Mizunguko miwili ya kwanza kaa nyuzi za chini, voliumu ya gitaa iwe 6 au 7, sentensi fupi. Wa tatu sogea katikati, anza kuunganisha sentensi. Wa nne panda, vuta nyuzi, fungua voliumu mpaka 10. Wa tano fanya alichofanya Duane, shusha. Hapa ndo watu wanaogopa wakidhani nguvu itapotea, kumbe ukishusha kwa kukusudia watu wanasogea mbele. Wa sita ndo unapanda mpaka freti ya 17 huko, ambapo boksi lako lilelile linajirudia juu, na unatoa ulichokuwa umekibana. Silaha zako za kupanda ziko nne, mahali kwenye shingo ya gitaa, nguvu ya piki (kile kipande cha kuchapia nyuzi), wingi wa noti, na voliumu. Usizipandishe zote pamoja kwenye mzunguko wa pili maana hutabakiwa na kitu. Kwenye Crossroads ya bendi ya Cream waliyorekodi Winterland, San Francisco, tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka 1968, mpiga gitaa wao Eric Clapton ana solo mbili ndani ya wimbo wa dakika nne na kidogo, na ile ya pili ndo anaipeleka juu zaidi. Ya kwanza alijizuia.

Lakini kupanda na kushuka hufanyi peke yako. Kabla ya shoo kaa na mpiga dramu na mpiga besi mkubaliane ishara, mimi natumia shingo ya gitaa, nikiinamisha tunashuka, nikiinua tunapanda, nikimwangalia mpiga dramu machoni mzunguko unaofuata ndo wa mwisho. Simama sehemu unayoona mikono yake. Akipiga kishindo kwenye sneya pigo la nne, lichukue lile pigo ulirudishie kwenye gitaa, yeye atakujibu, na hapo solo imekuwa ya watu wawili. Niliwahi kupiga kwenye hoteli moja ambayo monita (spika ya stejini ya kujisikia mwenyewe) ilikufa katikati ya solo, sikujisikia kabisa, nikashika pigo la dramu na macho ya mpiga besi tukafika salama.

Noti ikikosewa usikunje uso. Kwa pentatoniki hii noti yoyote mbaya iko freti moja tu kutoka kwenye nzuri, kwahiyo teleza juu au chini, alafu rudia kosa lilelile kwa makusudi ukiteleza vilevile, na litakuwa sehemu ya hadithi.

Vifaa sitavisemea sana. Wakati wa solo ongeza sauti za katikati kwenye ampu kuliko kuongeza distosheni (ule mkwaruzo wa gitaa la roki), kwasababu distosheni nyingi inabana sauti, nguvu ya piki inapotea na gitaa linazama nyuma ya matoazi, na umwambie fundi mitambo mapema solo ziko wapi. Kama unatumia dilei, kifaa kinachorudia sauti kama mwangwi, gawanya 60,000 kwa tempo, kwa 100 unapata milisekunde 600, hiyo ni pigo moja kamili. Piki chagua yako, Brian May wa Queen (bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar) anapigia sikspensi, sarafu ya zamani ya Uingereza, na inamfaa. Na fidibeki usiiogope: sauti ya spika inautikisa uzi, uzi unarudi kwenye ampu, noti haifi. Jimi Hendrix asubuhi ya Jumatatu tarehe 18 mwezi wa 8 mwaka 1969 pale Woodstock alichukua wimbo wa taifa wa Marekani na kwa fidibeki na ule mkono wa tremolo (chuma cha kulegeza na kukaza nyuzi) akatoa milio ya ndege na mabomu, wakati nchi yake iko vitani Vietnam. Wakati wa saundi cheki geukia ampu, sogea hatua mojamoja huku umeshika noti ndefu, pakilia vizuri weka alama ya tepu sakafuni.

Ukimaliza usikate ghafla. Ile noti ya mwisho itue pigo la kwanza la Am, iwe A au C, iache iishe yenyewe, na mkono wa kulia ukiwa huru rudisha voliumu mpaka 6 kabla mwimbaji hajafungua mdomo, ili neno lake la kwanza lisikike mpaka mlangoni.