Somo: Injini ya rotari imelowa petroli. Kosa ni la kabureta kweli?

Somo hili ni la wenye Mazda RX-7 za kati ya 1978 na 1985, zile zenye injini ya rotari ya 12A (badala ya pistoni ina rota za pembetatu zinazozunguka) na kabureta ya Nikki, na la mafundi wetu wa Kisekka na Ndeeba jijini Kampala ambao gari hizi huwafikia kwa nadra. Fundi aliyezoea pistoni akinusa petroli huvamia kabureta papo hapo. Kwenye rotari, ngoja kwanza. Petroli ikizidi huosha oili kwenye sili za ncha za rota, zile zinazobana kompresheni, kompresheni inashuka, na injini inashindwa kuchoma hata mchanganyiko ulio sawa. Kwa hiyo injini inaweza kulowa huku kabureta ni nzima. Tunachotafuta ni hiki: petroli inamwagika, au inafika vizuri ila haichomwi?

Fanyia kazi nje, mbali na jiko la mkaa na sigara.

Hatua ya 1: Sikiliza. Piga stata kidogo. Injini yenye kompresheni hupiga mapigo yanayosikika. Iliyolowa huzunguka haraka kwa mlio mmoja wa kuteleza. Ukisikia hivyo, acha. Kuendelea kupiga stata ni kuongeza petroli na kumaliza betri.

Hatua ya 2: Tazama koo la kabureta, pale hewa inapoingilia. Hapa ndipo jibu lilipo, usiharakishe. Chomoa waya za koili zote ili cheche isitokee. Toa kifuniko cha chujio la hewa, fungua kibao cha choki kwa kidole, kisha washa pampu ya petroli bila kuzungusha injini. Mulika ndani kwa tochi ya betri. Koo likibaki kavu kwa dakika nzima, kabureta haimwagi. Ukiona petroli inadondoka yenyewe, umempata mhalifu.

Sasa angalia vioo. Nikki ina mabakuli mawili ya petroli, na kila moja lina kioo chake kidogo. Gari likiwa mahali tambarare, petroli inatakiwa kusimama kwenye alama ya kioo. Ikiwa juu ya alama upande mmoja tu, tatizo liko ndani ya bakuli hilo: boya au vali yake ya sindano. Boya hufanya kazi kama lile la tangi la choo. Lisipopanda, mlango haufungwi. Litoe, litikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani, limetoboka. Likiwa zima, chunguza sindano na kiti chake. Kwa gari lililolala miaka mingi, au linalonyweshwa kutoka majerikeni, mimi hushuku uchafu kwanza: chembe moja ya kutu inatosha kuizuia sindano isikae. Safisha, na ubadilishe chujio la petroli siku hiyohiyo, la sivyo utarudi palepale.

Vioo vyote viwili vikizidi alama, shuku msukumo wa pampu.

Hatua ya 3: Koo likiwa kavu, geukia mfumo wa cheche. Hakikisha kebo ya choki inarudi mpaka mwisho. Toa plagi zote 4, ukiweka alama kwenye waya: za chini ni L (leading), za juu ni T (trailing), na zikichanganywa injini haitawaka vizuri. Rudisha waya za koili, kisha pima cheche ya kila moja, mbali na matundu ya plagi na mvuke wa petroli.

Hatua ya 4: Kausha injini. Plagi zikiwa nje, fyuzi ya pampu imetolewa na koili zimekatwa, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini na upige stata kwa vipindi vifupi. Simama pembeni, petroli itaruka. Tia kijiko cha chai cha oili ya injini katika kila rota kupitia tundu la chini, zungusha kidogo, kisha rudisha plagi kavu. Anza kwa vidole, maana nyuzi ni za alumini. Rudisha fyuzi na waya, washa. Moshi mwingi wa mwanzo ni ile oili. Mwisho nusa kijiti cha oili; kikinuka petroli, badilisha oili kabla ya safari.

MASWALI YA WANACHAMA

Jinja: Fundi, nililisogeza gari mita chache tu nilioshe, nikazima. Halikuwaka tena. Kabureta imekufa?

Jibu: Hapana ndugu, fanya hatua ya 4. Uliizima ikiwa baridi, choki ikiwa imevutwa. Rotari ukishaiwasha, iache ipate joto kabla ya kuzima, hata kama ulikuwa unatoka kivulini tu.

Kabale: Langu linawaka, ila moshi mweusi na petroli inakwisha upesi. Vioo viko sawa.

Jibu: Hapo hakuna kumwaga. Huko mko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jeti (vitundu vinavyopima petroli ndani ya kabureta) za nchi tambarare zinatoa petroli nyingi mno. Hakikisha choki inafunguka na chujio la hewa ni safi, ndipo ufikirie jeti ndogo zaidi.

Arua: Yangu ilianza kumwaga niliponunua pampu mpya. Vioo vyote vimejaa mpaka juu.

Jibu: Uliza pampu hiyo imetoka gari gani. Pampu ya injini ya EFI, ile inayopuliziwa petroli kwa umeme bila kabureta, husukuma kwa nguvu mara nyingi kuliko kabureta inavyoweza kuhimili, na hakuna vali ya sindano itakayoizuia. Rudisha, utafute ya kabureta. Na usiliendeshe hivyo hata mpaka sokoni, kaka. Petroli inayofurika juu ya injini ya moto inaunguza gari.