Jinsi ya Kulinda Afya ya Akili ya Mwanafunzi Wakati wa Amri ya Kukaa Nyumbani

Mwanafunzi anapoamriwa kubaki nyumbani kwa sababu ya janga, hapotezi darasa peke yake. Kengele ya asubuhi, safari ya kwenda shuleni na rafiki wa dawati moja huondoka kwa mpigo, na siku hubaki bila mipaka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa kwanza wa UVIKO-19 wasiwasi na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na vijana walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Ukijiona umelemewa, basi, usijihukumu kuwa mvivu.

Anza na saa ya kuamka. Naliweka jambo hili mbele ya mengine yote kwa kuwa ndilo linaloyashikilia. Asiye na mahali pa kuwahi hulala saa nane usiku, akaamka saa tano asubuhi, kisha akashinda na kichwa kizito, akiamini kwamba tatizo ni masomo. Usijilazimishe kulala mapema, kwa maana usingizi haulazimishwi. Badala yake, amka mapema zaidi kwa nusu saa kila baada ya siku chache, na mara uamkapo ufungue dirisha au usimame mlangoni, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaorekebisha saa ya mwili. Kijana wa umri wa sekondari anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Simu ichajiwe mbali na mto.

Usisomee kitandani ikiwa unaweza kuepuka. Hata pembe ya meza inayotosha daftari moja inafaa, mradi ukimaliza uvifunge vitabu na kuviondoa machoni. Kazi ya siku iandike kwa udogo wake: “kusoma fizikia” ni mzigo usio na mwisho, ilhali “kufanya maswali manne ya mwisho ya sura ya pili” ni kazi inayoweza kukamilika kabla ya chakula cha mchana. Hofu ya kuachwa nyuma hupungua kwa kazi ndogo zilizokamilika kuliko kwa ratiba kubwa iliyobandikwa ukutani. Habari za ugonjwa zitosheke mara moja kwa siku, kutoka kwa mamlaka za afya, na zisiwe za usiku.

Kuhudhuria kipindi kwa intaneti huku kamera imezimwa si kukaa na watu. Chagua mtu mmoja utakayemwambia ukweli, awe rafiki, dada, mjomba au mwalimu. Ukiulizwa “Hujambo?” ukajibu “Sijambo”, hujaeleza lolote, afadhali mkubaliane kutumiana namba kila jioni, 1 ikiwa siku mbaya kabisa na 10 siku njema, na namba ikishuka chini ya 4 mwenzako akupigie bila kuuliza sababu. Mpango kama huo humsaidia hasa yule anayeona aibu kuanza kusema.

Si kila nyumba ni salama. Anayefungiwa pamoja na mtu anayempiga au kumdhalilisha hahitaji ratiba, anahitaji msaada: amweleze mtu mzima anayemwamini nje ya nyumba hiyo, au apige simu ya huduma kwa watoto mahali inapopatikana.

Huzuni inayodumu kwa wiki mbili au zaidi, kupoteza hamu ya mambo uliyoyapenda na kushindwa kula au kulala ni sababu tosha ya kumtafuta mshauri nasaha au mhudumu wa afya, hata kwa simu. Mwenzako akisema kwamba ni heri asingekuwepo, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani, na mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Akikubali, usimwache peke yake, ondoeni dawa na sumu zilizo karibu naye, mwambie mtu mzima mara moja hata kama alikuomba uitunze siri, na mpelekeni hospitali bila kusubiri amri ya kukaa nyumbani iondolewe.