Kusitiri si kuficha: maneno ya mshenga wa Amu

Nimepeleka posa nyumba hadi nyumba hapa Amu, yaani Lamu, kwa miaka 22. Wasichana wanaotaka kuijua kazi hii huniuliza kwanza waseme nini. Mimi huwarudisha nyuma: jueni uzito wa neno kabla hamjalitoa mdomoni. Maneno yetu ya kunyamazia jambo ni mengi, na ukilitoa lisilo lake unaweza kuvunja posa.

Anza na sitiri, ndilo mama yao. Nguo humsitiri mtu, nyumba humsitiri, kaburi humsitiri; maiti akishazikwa twasema amesitiriwa. Jirani akikwama mwisho wa mwezi akaja kusema, "Dada, nisitiri na mia mbili," haombi sadaka. Anaomba wanawe wasijue kwamba leo hakuna kitu jikoni. Anayesitiri anamfunika mwenzake kwa ajili ya mwenzake. Anayeficha, mara nyingi anajifunika mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza nilikosea papo hapo. Nilikuwa nimekaa na mama wa binti, kahawa mkononi, nikamwambia, "Mama, jambo hili tulifiche kwanza." Akakiweka kikombe chini. "Tulifiche? Kwani mwanangu ana nini?" Mimi nilitaka tu habari zisienee kabla wazee hawajakaa. Ningesema "tulisitiri", au "lisipite mlango huu", angeitikia na kunimiminia kahawa nyingine. Nilirudi nyumba ile mara tatu kuomba radhi.

Ukitaka kuiona sitara kwa macho, nenda mtaa wa Mkomani hapa mjini usimame mbele ya nyumba ya mawe ya zamani. Kuna daka lenye viti vya mawe pande mbili, hapo ndipo unapopiga hodi. Mlango ukifunguliwa, jicho lako linagonga ukuta. Njia inapinda kwanza ndipo uufikie ua wa ndani. Umekaribishwa, umekaa, umepewa maji, na wenye nyumba wanaendelea na shughuli zao bila kuonekana. Juu ya vichochoro vingine kuna wikio, chumba kilichovuka njia kuunganisha nyumba mbili, na kina mama walipita humo kutembeleana bila kukanyaga barabara. Kila mtu mjini alijua kwamba wanapita.

Faragha ni mahali au wakati usio na watu wengine. "Naomba faragha na wewe" ni maneno ya heshima, hata kwa mzee. Kumvuta mtu chemba ni jambo lilelile kwa watu wa rika moja, lakini usilitumie kwa baba wa binti. Lina harufu ya umbea. Vijana siku hizi husema "njoo inboksi". Sawa, ila habari ya posa usiitume kwa sauti iliyorekodiwa. Itasikilizwa sebuleni, spika imefunguliwa.

Sasa maneno ya mwendo, hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kimyakimya halina ubaya: mtu anaweza kutoa sadaka kimyakimya, akaoa kimyakimya kwa kuwa nyumba ina msiba. Chinichini lina shaka kidogo. Likitajwa watu huuliza nani anazungukwa. Kisirisiri lina shaka zaidi. Kinyemela ni la paka anayemnyemelea panya, na likiingia kwenye habari ya ndoa umeshamtukana mtu. "Walifunga ndoa kimyakimya" na "walifunga ndoa kinyemela" inaweza kuwa ndoa ileile, mashahidi walewale. Anayesimulia ndiye ametofautiana.

Haya na staha pia huchanganywa. Haya ni yako mwenyewe, inakukaa usoni. Staha unampa mwenzako: mzee akiteleza kauli mbele ya wageni, unanyamaza kwa kumstahi, na baadaye humkumbushi.

Mtu wa kumwamini na haya yote twasema ana kifua. Asiye nacho, jambo likiingia linatoka. Usimpime kwa kumpa siri yako. Msikilize anavyozisimulia za wengine. Akianza na "usimwambie mtu, lakini", inuka uage.

Sitara ina mpaka, na hapa sina mzaha. Kijana mwenye mke mji mwingine ambaye hataki upande wa binti ujue, posa yake siibebi. Mficha maradhi, kilio humfichua, na atakayelia ni binti wa watu.

Lakini posa iliyokataliwa husitiriwa. Juzi nyumba moja walikataa kwa sababu ya madeni ya kijana, na wakanieleza deni moja moja. Kijana anayajua madeni yake. Nilimwita faragha nikamwambia, kwa kuwa ni yake kuyalipa. Kisha nikaenda kwa mama yake. Yeye ana ugonjwa wa presha, na mawifi zake wawili walikuwa wamekaa papo hapo wakisubiri kusikia.

"Hawakujaliwa, mama," nikasema.

Akanitazama kitambo. "Hawakusema jingine?"

"Wamekusalimu sana."

Akaitikia salamu, akamwita mtoto alete chai.