Projekta ya chini ya ukuta: anza kuipima gizani

Ukienda dukani kuangalia projekta ya leza ya kukaa chini ya ukuta (ile inayowekwa karibu kabisa na ukuta na kumulika picha kuelekea juu), utawashiwa video ya kasuku, maua na matunda yaliyokatwa. Kasuku hupendeza kwenye kila projekta. Mwombe muuzaji azime taa na aweke filamu yenye usiku: mtu mwenye koti jeusi, kasimama kwenye kichochoro kisicho na taa. Je, unaona mikunjo ya koti na ukingo wa bega, au vyote vimegeuka ukungu wa kijivu? Mimi hufunga vyumba vya sinema majumbani hapa Dar es Salaam, na kwa mashine ghali kama hizi, rangi nyeusi ndiyo inayonionyesha pesa ya mteja imekwenda wapi.

Ukiwa hapohapo gizani, chunguza kama mwanga unapanda na kushuka wenyewe. Projekta nyingi hupunguza nguvu ya leza picha ikiwa na giza. Ikifanya taratibu ni vizuri sana. Ikifanya kwa pupa, utaona picha nzima inafifia na kuwaka katikati ya mazungumzo. Zima kipengele hicho kwenye menyu, rudia kipande kilekile, ulinganishe.

Usikubali kuonyeshwa kwenye ukuta mweupe. Mwanga wa projekta hizi hupanda kutoka chini kwa mwinamo mkali, kwa hiyo kila kinundu cha plasta hutupa kivuli na mistari iliyonyooka hupinda. Skrini ya kuning'inia nayo haifai: panga boi likizunguka, kitambaa hutikisika, na picha huyumba nacho. Unahitaji skrini ya fremu iliyokazwa pande zote, yenye mbavu ndogo za mlalo zinazopokea mwanga wa chini na kuutupilia mbali ule wa taa za dari. Ikifungwa kichwa chini hufanya kinyume chake, na picha hufifia vibaya, kwa hiyo msimamie fundi. Skrini ya aina hiyo iliyotengenezwa kwa projekta ya dari pia usiichukue hata ukipewa kwa nusu bei.

Mbavu hizo hazifanyi muujiza kwa mwanga unaotoka mbele. Mteja wangu mmoja wa Mbweni ana milango mipana ya vioo inayotazamana na skrini. Alikuwa tayari kununua projekta kali zaidi. Tukafunga mapazia mazito, na ile ya kwanza ikamtosha. Kama bajeti haibebi projekta ya juu pamoja na skrini yake, mimi nachagua projekta ya ngazi ya chini yenye skrini yake halisi, kuliko ya juu inayomulika plasta.

Sasa umbali. Kila mashine ina uwiano wake, unaouzidisha kwa upana wa picha ili upate umbali wa kuiweka. Skrini ya inchi 100 ina upana wa sentimita 221 hivi. Projekta ya Formovie Theater, yenye uwiano wa 0.23, inahitaji takriban sentimita 51 kutoka kioo chake cha kutolea mwanga hadi kwenye skrini. Epson LS800, yenye 0.16, inahitaji kama 35. Ongeza sehemu ya mashine inayobaki mbele ya kioo hicho, upande wa watazamaji, ndipo utajua kama kabati lako la TV linatosha au litasogea katikati ya sebule. Kabati liwe zito na lisiloyumba, maana mashine ikisogea milimita chache tu mstatili wa picha unaharibika. Muuzaji akianza kunyoosha kona kwa rimoti, mwombe aisogeze mashine yenyewe kwa mkono. Marekebisho ya rimoti huibana picha na kupoteza nukta ulizolipia.

Kuhusu lumeni, yaani kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka, namba ya kwenye boksi mara nyingi hupatikana kwenye hali ya mwanga mkali kupita kiasi, ambayo hugeuza nyuso za watu kuwa za kijani. Weka hali ya filamu, ile utakayoitumia kweli, kisha pima. Onyesha picha nyeupe tupu chumba kikiwa giza, laza kipima mwanga bapa juu ya skrini kwenye sehemu tisa (tatu juu, tatu kati, tatu chini), tafuta wastani wa luksi (lumeni zinazoangukia kila mita ya mraba), zidisha kwa eneo la skrini. Inchi 100 ni mita za mraba 2.75, wastani wa luksi 800 unakupa lumeni 2,200. Vipima vya bei nafuu hukosea mwanga unapokuja kwa pembe kali, kwa hiyo vitumie kulinganisha mashine mbili, usivitumie kumshitaki mtu. Na kumbuka ukitoka inchi 100 kwenda 120, eneo huongezeka kwa asilimia 44 na mwanga uleule unatandazwa humo.

Mashine zenye leza tatu, nyekundu, kijani na bluu, zina rangi tamu kweli. Lakini nyingi hutumia chipu moja ya vioo vidogo inayotoa rangi kwa zamu, na baadhi ya watu huona cheche za upinde wa mvua. Weka maandishi meupe kwenye weusi na uzungushe macho haraka. Nenda na mwenzako na watoto, kwa sababu anayeumwa kichwa huenda asiwe wewe. LS800 hutumia paneli tatu, moja kwa kila rangi, kwa hiyo haina tatizo hilo. Kisha jaza skrini kwa nyekundu tupu utafute chembechembe zinazometameta.

Ukali wa picha upime baada ya nusu saa, mashine ikiwa imepata joto, na uanze na kona za juu. Weka pia mpira kutoka kwenye king'amuzi, uone kama mchezaji anayekimbia anaacha mkia.

Nyumbani, pitishia umeme kwenye stebilaiza, na acha nafasi pande za feni. Kioo kinaangalia juu, kwa hiyo vumbi hutua juu yake, na msimu wa kumbikumbi mdudu mmoja akitua hapo anakuwa kivuli kikubwa kwenye skrini: weka nyavu madirishani. Watoto wasichungulie humo. Jaribu kinga ya macho kwa kupitisha mkono juu ya kioo, mwanga unapaswa kufifia mara moja. Kusafisha ni kwa kitambaa kikavu cha lenzi, mashine ikiwa imezimwa na kupoa.