Jinsi ya kumuona ndege chozi wa Amani msitu wa Arabuko-Sokoke

Ukitoka Malindi na matatu ya Mombasa, ukishapita njia panda ya Gede kidogo utaona kituo cha msitu pembeni ya barabara, hapo ndo unaanzia. Chozi wa Amani dunia nzima yuko hapa kwetu Kenya na Tanzania tu, kule milima ya Usambara Mashariki na Udzungwa, na yuko kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Wenzetu wanampandia milima, sisi tunaye huku chini karibu na bahari, na watu kibao wa Malindi hawajawahi hata kumsikia, inauma kweli.

Wengi wanaanza kumtafuta palepale getini. Utaona chozi wengine wazuri tu lakini huyu hapo humpati, anataka miti ya mrihi. Kwa hiyo angalia udongo unaokanyaga. Upande wa barabara msitu umefungana, kina mbambakofi na wenzake, halafu ukiingia ndani mchanga unakuwa mweupe, miti inaachana, jua linapenya, hapo ndo kwenye mrihi, simama. Udongo ukishageuka mwekundu na vichaka vinakubana ujue umepitiliza, rudi nyuma. Panga usafiri wa kukufikisha huko mapema, saa 12 na nusu asubuhi uwe ushafika.

Sasa usikague mti mmoja mmoja, shingo itauma bure. Tembea polepole, skiza. Msitu unaweza kunyamaza kabisa, halafu ghafla kule juu kunachangamka, ndege wa kila aina wanapita pamoja wakitafuta wadudu, na kina kwera wa Clarke wanaweza kuwemo, ambao nao hawapatikani popote nje ya Kilifi. Chozi wetu hupenda kuandamana na kundi kama hilo. Usilikimbilie, tangulia mbele kidogo usimame lije lipite juu yako.

Inua darubini uangalie tumbo kwanza maana utamuona kwa chini, ni mdogo kuliko jani la mwembe na hatulii, mara yuko ncha ya tawi mara kashaingia ndani ya majani. Tumbo la njano huyo ni chozi mwingine, wako wengi mno. Tumbo likiwa jeupe, kichwa na koo kama vyeusi, ngoja ageuke kwenye jua, utaona kijani cha bluu kinang'aa, basi ndo yeye dume. Jike hana mng'ao huo, mgongo kijivu na chini mweupemweupe.

Tafadhali msimchezee sauti yake kwenye simu mfululizo ili aje, anaacha kula anahangaika kutafuta mpinzani ambaye hayupo. Na chukua mwongozaji wa pale msituni, anajua miti ipi kundi limepita juzi, tena humo ndani kuna ndovu na wewe muda wote macho yako juu. Asubuhi ukikosa, rudi saa 10 jioni.