Ondoa NOLOCK kwenye ripoti za fedha
Niliwahi kutoa ripoti iliyojumlisha malipo ambayo, sekunde chache baadaye, yalibatilishwa. Nilikuwa nimeweka NOLOCK, agizo la kusoma data bila kujali kufuli za wanaoandika, kwenye hoja ya SQL Server (mfumo wa hifadhidata wa Microsoft) ili isisubiri. Siku hizi nasaka NOLOCK zote na kuzifuta moja moja. Hatari haiishii kwenye data isiyothibitishwa, yaani ambayo muamala wake haujakamilika: kurasa za jedwali (vipande vinavyohifadhi rekodi) zikigawanyika hoja ikiwa bado inasoma, rekodi ileile yaweza kuhesabiwa mara mbili au kurukwa kabisa, hata kama ilithibitishwa zamani.

Badala yake, washa READ_COMMITTED_SNAPSHOT, mpangilio wa hifadhidata unaotunza matoleo ya zamani ya rekodi. Msomaji atapata toleo la mwisho lililothibitishwa, bila kumzuia anayeandika. Kagua kwanza nafasi ya tempdb (hifadhidata ya muda ya SQL Server), maana kwa kawaida matoleo ya zamani huhifadhiwa humo. Kwenye PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, usihangaike: READ UNCOMMITTED (kusoma hata yasiyothibitishwa, kama NOLOCK) huchukuliwa kama READ COMMITTED (kusoma yaliyothibitishwa tu).